Bambo Halikufika Chini

Ripoti ilikuwa imeshapigwa chapa nilipoliona kosa. Ilikuwa Jumanne asubuhi, Mei 1965, na madiwani walikuwa wakutane Ijumaa saa nane mchana kuisikiliza.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Watu wa Khayega walikuwa wametengewa mradi mmoja tu mwaka ule. Ama soko lijengewe mabanda ya mabati, ama mto ulio chini ya soko uwekewe daraja la waenda kwa miguu. Madiwani hawakutaka kuchagua kwa kubahatisha, kwa hiyo wakaiambia ofisi yetu iwaulize wananchi. Nyumba zilikuwa kama elfu mbili, pande zote mbili za mto. Sisi tuulize mia mbili.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja mjini Kakamega, nyuma ya duka la vitambaa. Mkuu wetu alikuwa Bwana Maina, aliyeletwa kutoka Nairobi. Mimi, Hezekiah Shitanda, nilikuwa karani wa hesabu, mwezi wa tano katika majaribio ya miezi sita. Bwana Maina alikuwa ameniambia bila kuficha: ripoti hii ya kwanza ikikubalika, naandikwa kazi, ikichekwa, narudi Lugari kwa baba kupalilia mahindi. Hakulisema kwa ubaya. Hata yeye alikuwa anapimwa.

Sikuisomea kazi hii. Shule niliiachia darasa la nane. Nilianza kwenye ghala la mahindi Lugari, mwaka ule baba alipopata shamba katika ardhi ya Mzungu aliyeondoka. Kazi yangu ilikuwa kushika bambo, kile chuma chenye ncha na uwazi katikati, ambacho ukikichoma kwenye gunia kinatoka na punje chache za kutazama kiganjani. Mkulima anaweza kuweka mahindi mazuri juu na yaliyooza chini. Kwa hiyo msimamizi wetu alitufundisha: choma juu, choma kati, choma chini, kisha ndipo useme gunia hili ni la namna gani. Niliyoyasoma baadaye, katika kitabu kilichoachwa kabatini na Mzungu mmoja wa takwimu, yalikuwa bambo lile lile kwa maneno marefu.

Mwanzoni Bwana Maina alitaka tuulize sokoni, siku ya soko.

"Mia mbili utawapata kabla ya saa sita," alisema.

"Tutawapata, Bwana. Lakini aliyesimama sokoni ananyeshewa, ukimwuliza kama anataka paa, atajibu nini?"

Alicheka, akaniachia nipange nionavyo. Nikachukua orodha ya nyumba kwa chifu, nikaamua tubishe hodi kila nyumba ya kumi, tuulize mtu mzima mmoja, nyumba hii mwanamke, inayofuata mwanamume. Upande wa soko ulitoa nyumba mia moja na kumi. Hizo nilimpa Jescah, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kuja kwetu. Upande wa pili, ambao watu wanauita Ng'ambo tu, ulitoa tisini. Hizo nilimpa Protus Wanyonyi, kijana mrefu kutoka Bungoma, mwenye baiskeli na maneno ya kuchekesha kila mlango.

Baada ya wiki mbili walileta fomu zote. Soko mia moja arobaini na nne, daraja hamsini na sita. Bwana Maina alifurahi. Aliandika kwa mkono wake: watu saba katika kila kumi wanataka soko. Mimi nikatia sahihi chini, kwamba hesabu hii imefanywa kama inavyopaswa.

Jumanne ile nilikuwa nazipanga fomu ziingie kabatini. Nina tabia ya kupitia mara ya mwisho hata kitu kilichokwisha. Swali la nne katika fomu lilikuwa la pembeni, nililiweka ili tujue mto unawasumbua watu kiasi gani: wiki iliyopita uliuvuka mto mara ngapi? Katika fomu tisini za Ng'ambo, sitini na nane zilijibiwa "sikuvuka."

Nilizihesabu tena. Sitini na nane.

Ng'ambo hakukuwa na kinu cha kusaga. Hakukuwa na zahanati, wala kanisa kubwa, wala duka la kuitwa duka. Mtu wa Ng'ambo aliyekaa wiki nzima bila kuvuka mto, unga aliupata wapi? Chumvi je?

Nilimsubiri Protus arudi kutoka kunywa chai. Jescah alikuwepo, anashona mafungu ya fomu zake kwa uzi. Nilimwekea Protus rundo mbele yake, nikaweka kidole kwenye swali la nne.

"Ah, watu wa Ng'ambo ni wavivu," alisema, akacheka.

Mimi sikucheka. Aliangalia fomu moja, akaangalia nyingine, kisha akavuta kiti.

"Sikuvuka, Hezekiah."

"Uliwauliza wapi?"

"Pale kisima cha misheni, upande huu wa soko. Lakini sikudanganya majibu! Nilihesabu watu wakipita. Wa kumi namsimamisha, namwuliza. Wa kumi tena, namwuliza. Ulisema kumi, nikafuata kumi."

"Na namba za nyumba?"

"Fomu ilikuwa na nafasi ya namba. Nikajaza."

Jescah aliacha sindano. "Wewe Protus, mto unauogopa? Mtu mrefu hivyo?"

"Siogopi mto, dada." Alijipangusa uso. "Gogo la kuvukia liko mbele ya kiwanja cha Mama Roda. Mama Roda Navalayo. Huyo ndiye mama wa mke wangu. Tumeoana mwaka jana, na bado hatujafanya ile siku ya kumpelekea ng'ombe, aniruhusu niingie kwake. Nikimwona njiani naingia kichakani. Yeye akiniona anajifunika kanga. Sasa nipande kutoka gogoni, nianguke uani kwake na fomu mkononi?"

"Ungezunguka," Jescah alisema.

"Kuzunguka hakuna. Tena tazama orodha." Aliitoa mfukoni, imekunjika. "Nyumba ya Ng'ambo namba saba. Ya nani? Yake! Na swali la pili linasema nini? Una umri gani. Mimi, nimwulize mama mkwe umri wake! Na la tatu, nyumbani kwako wanalala watu wangapi!"

Jescah alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika meza. Protus naye akacheka kidogo, kisha akaikunja orodha tena.

"Ungeniambia," nilisema. "Ningekubadilishia upande na Jescah."

"Wewe ningekuambia. Lakini wewe ungemwambia Bwana Maina, na Bwana Maina angeona mimi ni mtu wa mambo ya kale. Mkataba wangu ni wa mwezi kwa mwezi."

Alikuwa amekosea, na kosa lilikuwa kubwa, lakini niliona pia kwamba mimi ndiye niliyegawa nyumba bila kuuliza nani ana jamaa wapi. Msimamizi wetu wa ghala hakumruhusu mtu kuchoma gunia la shemeji yake. Hilo nilikuwa nimelisahau.

Nilimwendea Bwana Maina, nikamweleza yote. Alisikiliza akiwa amesimama.

"Ripoti imepigwa chapa nakala kumi na mbili," alisema. "Unataka niwaambie madiwani kwamba mkwe amemkimbia mkwe?"

"Nataka kuhesabu Ng'ambo upya, Bwana. Mimi na Jescah. Kesho, keshokutwa, na Ijumaa asubuhi."

"Na msipomaliza?"

"Tutasema hatukumaliza."

"Ukisema hivyo, Shitanda, unajua utarudi wapi."

"Najua. Lakini sahihi pale chini ni yangu."

Alikaa. Alizungusha kalamu mezani. "Ijumaa saa tano uwe hapa," alisema. "Saa tano, si saa sita."

Siku iliyofuata mimi na Jescah tulifika mtoni kabla jua halijapanda. Mvua ilikuwa imenyesha juu, msituni, na maji yalikuwa ya rangi ya udongo, yanapita juu ya gogo sehemu ya katikati. Upande wa pili alisimama mwanamke mfupi, kanga kiunoni, ameshika kamba iliyofungwa kwenye mti. Alitutupia ncha yake.

"Mulembe!" alitusalimu. "Shikeni! Usiangalie maji, baba, angalia mimi!"

Huyo alikuwa Mama Roda. Tulipovuka alituuliza sisi ni kina nani, tukamwambia. Yeye ni mkunga, ndiyo sababu kamba inakaa kwake. Anaitwa saa yoyote, pande zote mbili. Tulimwambia tutaanzia nyumba ya kwanza, tufike kwake kwa zamu yake.

"Yaani hamwezi kuniuliza sasa hivi niko hapa?"

"Zamu yako ni ya saba, mama," nilisema.

"Haya. Mimi nawasubirianga watu maisha yangu yote. Nitangoja na ninyi."

Nyumba yake ilipofika ilikuwa zamu ya mwanamke, kwa hiyo nilimwuliza mwenyewe. Soko au daraja? Daraja. Wiki iliyopita ulivuka mara ngapi? Alihesabu kwa vidole akaacha. Mara kumi na sita. Nyumbani wanalala wangapi? Watano. Una umri gani?

Alinitazama akitabasamu upande mmoja.

"Hilo acha wazi. Hizi fomu si zilikuwa na mtu wake? Tumesikia Khayega yuko mmoja mrefu, alikuwa anauliza watu kisimani huku amejificha nyuma ya ndoo zao."

Niliacha nafasi wazi. Alitupa viazi vya kuchemsha tule tukitembea, akarudi kwenye kamba yake.

Siku tatu zile tulipanda na kushuka. Mahali pengine nyumba ya kumi ilikuwa imefungwa, nasi tulirudi jioni badala ya kuchukua jirani, maana aliyeko nyumbani mchana si sawa na aliyeko shamba. Na si wote walisema daraja. Mzee mmoja aliniambia daraja litaleta wezi wa ng'ombe. Mwanamke anayeuza ndizi alisema mto ameuzoea, ila ndizi zake zinaoza na mvua sokoni. Niliyaandika yote. Fomu ya mwisho Jescah aliijaza Ijumaa saa tatu na nusu, na saa tano kasoro tulikuwa ofisini, miguu ina matope hadi magotini.

Ng'ambo: daraja sabini na moja, soko kumi na tisa. Tukajumlisha na upande wa Jescah wa kwanza, ambao ulikuwa soko sabini na nane, daraja thelathini na mbili. Daraja mia moja na tatu. Soko tisini na saba.

Bwana Maina alipiga meza kwa kiganja. "Basi daraja limeshinda! Andika. Wataona ofisi hii haina aibu ya kujisahihisha."

"Siwezi kuandika hivyo, Bwana."

"Kwa nini tena?"

"Kwa watu mia mbili, hesabu inaweza kupotoka hadi watu saba katika kila mia, juu au chini, hata tukiuliza vizuri. Hapa wamezidiana watatu katika kila mia. Tungebisha nyumba ya tisa badala ya ya kumi, pengine soko lingeongoza."

"Kwa hiyo utawaambia nini?"

"Kwamba wamegawanyika karibu sawa, na sisi hatuwezi kuwaambia nani amezidi."

Aliisukuma karatasi ya hesabu kando. "Umeniletea ripoti mbili wiki moja," alisema. "Ya kwanza ilikuwa na jibu na haikuwa kweli. Ya pili ni kweli na haina jibu. Utaisoma wewe mwenyewe."

Niliisoma. Madiwani walikuwa kumi na mmoja kwenye viti vya mbao, mwenyekiti katikati. Nilipomaliza, mwenyekiti alivua miwani.

"Bwana karani. Tumewapa wiki tatu. Umerudi kutuambia hujui?"

"Ninachojua, Bwana Mwenyekiti, ni kwamba wamekaribiana mno. Watu mia mbili hawatoshi kuwatenganisha."

"Hata mganga hutaja jina la mtu!" alisema diwani Patroba, mwenye duka karibu na soko, na chumba kizima kikacheka. Niliwaza kuhusu Lugari. Mahindi wakati ule yalikuwa yamefika magotini.

"Na hii umeandika," mwenyekiti aliendelea, "kwamba fomu tisini za kwanza zimetupwa, hazikuulizwa mahali pake. Zilitupwa kwa nini?"

Katika ripoti sikuwa nimetaja jina la mtu, na sikutaka kulitaja pale. Lakini Protus, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, alisimama.

"Ni mimi, Bwana Mwenyekiti. Sikuvuka. Gogo linatua uani kwa mama mkwe wangu, na nyumba yake ilikuwa kwenye orodha. Nilitakiwa nimwulize umri."

Kicheko nilichokitarajia hakikuja mara moja. Wale wazee walitazamana kama watu walioambiwa kuna nyoka njiani. Mmoja alitoa sauti ya kumhurumia. Kisha Patroba akaanza, na wengine wakafuata, lakini kilikuwa kicheko cha watu waliooa.

"Hata mimi nisingevuka," alisema Patroba akijifuta macho. "Ningeenda kuzungukia Kisumu!"

"Hilo lingesemwa siku ya kwanza, kijana," mwenyekiti alimwambia Protus, bila ukali. "Haya. Kama watu wamekaribiana hivyo, tusichague sisi. Jumamosi ijayo tuite baraza. Kila nyumba ilete mtu mmoja, wasimame mistari miwili, wahesabiwe. Sokoni Khayega, saa nne."

Wengi waliitikia. Nilikuwa bado nimesimama, na nilijua ningekaa tu mambo yangeisha.

"Bwana Mwenyekiti, mto umejaa," nilisema. "Baraza likiwa sokoni, wa Ng'ambo watakaohesabiwa ni wale wanaothubutu gogo. Wazee hawatakuja, wala mama wenye watoto mgongoni. Itakuwa kisima cha misheni tena, ila kikubwa zaidi."

"Unataka mabaraza mawili?"

"Saa nne hiyo hiyo. Moja huku, moja kule."

Mwenyekiti alirudisha miwani yake. "Wewe kijana hutaki kutuachia kitu chepesi," alisema. Lakini alimwambia mwandishi wake aandike mabaraza mawili.

Jumamosi ile mimi na Jescah tulihesabu Ng'ambo, Protus na Bwana Maina wakahesabu sokoni. Mvua haikunyesha mpaka saa saba. Jioni tuliweka karatasi mbili pamoja kwenye meza ya ofisi. Jumla ya waliosimama ilikuwa elfu moja mia sita na kumi na wawili. Daraja mia saba themanini na sita. Soko mia nane ishirini na sita.

Soko lilishinda kwa watu arobaini.

Bwana Maina aliitazama ile karatasi, kisha akafungua mtoto wa meza akatoa ripoti yangu ya Ijumaa, akaisoma tena mstari wa mwisho.

"Kama ungeandika nilivyokuambia," alisema, na hakumaliza.

Jumatatu nilikuta barua kwenye kiti changu. Ilikuwa fupi. Nimeandikwa kazi tangu tarehe mosi Juni, na kuanzia sasa kabla ya kugawa nyumba nitamwuliza kila mwulizaji ana wakwe wapi. Hilo la wakwe lilipigwa chapa kama mambo mengine yote, kwa lugha ya serikali.

Siku hiyo hiyo mchana nilikwenda kumwambia Mama Roda mwenyewe. Nilidhani ni haki. Alikuwa anakausha kamba yake juani.

"Arobaini," alisema. "Hao ni watu wa kuingia kanisa dogo."

"Madiwani wamesema daraja litazungumzwa tena mwakani."

"Litazungumzwa." Aligeuza kamba upande wa pili. "Mimi nitavukanga tu. Ila wale wa huko juu, hakuna aliyewahi kupanda kule kuwauliza kitu, labda kodi. Hilo watalikumbuka kwako."

Nilipoaga, aliniita nikiwa tayari mguu mmoja uko kwenye gogo.

"Karani! Ile nafasi uliyoiacha wazi. Mwambie yule mrefu, mimi nina miaka hamsini na minne. Aandike yeye kwa mkono wake. Na mwambie ng'ombe wa ile siku asiwe mwekundu, wekundu nimechoka nao."

Nilimkuta Protus ofisini anatia uzi kwenye fomu. Nilitoa ile ya Ng'ambo namba saba, nikaiweka mbele yake, nikamwambia maneno yote kama yalivyotumwa. Aliinuka kwenye kiti kwanza, kama vile Mama Roda mwenyewe ameingia mlangoni. Kisha akakaa, akachovya kalamu, akaandika hamsini na nne taratibu sana, ameugeuza uso kando.